Mwongozo wa Kuzalisha Gesi Sanisi Yenye Haidrojeni Nyingi kwa Kutumia Gesi Asilia na Mvuke

Sehemu kubwa ya haidrojeni inayotumika viwandani, iwe ya kutengenezea amonia ya mbolea na methanoli au ya kuondolea salfa kwenye dizeli, hupatikana kwa kukutanisha gesi asilia na mvuke wa maji juu ya nikeli, ndani ya mirija ya chuma iliyopashwa moto hadi ikang'aa. Kinachotoka humo ni gesi sanisi, yaani mchanganyiko wa haidrojeni, kaboni monoksaidi, kaboni dayoksaidi, masalia ya methani na mvuke ambao haukutumika. Kemia yake ni ya zamani. Wafaransa Paul Sabatier na Jean-Baptiste Senderens walionyesha mwaka 1902 kwamba nikeli hugeuza kaboni monoksaidi na haidrojeni kuwa methani, na kichocheo kinachoharakisha mmenyuko kwenda upande mmoja huuharakisha pia kurudi upande wa pili. Mitambo ya kwanza ya kibiashara ilianza kazi Baton Rouge, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mpangilio wa msingi haujabadilika sana tangu hapo.

Mwongozo huu unafuata mtambo mmoja wa haidrojeni kutoka bomba la gesi hadi gesi safi, na umeandikwa kwa ajili ya mafundi mchundo, wanafunzi wa uhandisi kemia na yeyote anayetaka kuelewa kinachoendelea ndani ya mtambo wa aina hii. Nyuzijoto zote ni za Selsiasi. Viwango vinavyotajwa ni vya kawaida katika fani, lakini kila kichocheo huja na maelekezo ya mtengenezaji wake, na hayo ndiyo yenye neno la mwisho. Mtu asifikirie kuijaribu kazi hii uani kwake: haidrojeni huwaka kwa cheche ndogo mno, na kaboni monoksaidi huua bila kutoa harufu.

Hatua ya 1: Amua unataka gesi ya aina gani

Swali la kwanza si tanuru liwe la ukubwa gani, bali ni uwiano gani wa haidrojeni kwa kaboni monoksaidi unaohitajika mwishoni. Njia ya mvuke hufuata mmenyuko huu:

CH4 + H2O ⇌ CO + 3H2

Mmenyuko huu humeza joto la kilojuli 206 kwa kila moli ya methani, na ndio wenye uwiano mkubwa kuliko njia nyingine, yaani haidrojeni tatu kwa kaboni monoksaidi moja, kabla hata ya kuongeza hatua za baadaye. Ukichoma methani nusunusu kwa oksijeni safi unapata uwiano usiofika 2, na mmenyuko wenyewe hutoa joto badala ya kulimeza, ila utalazimika kujenga mtambo wa kutenga oksijeni kutoka hewani, ambao si wa bei nafuu. Ukitumia kaboni dayoksaidi badala ya mvuke, uwiano unashuka hadi 1 na hatari ya masizi inaongezeka sana. Ipo pia njia ya kuchanganya oksijeni na mvuke ndani ya chombo kimoja kilichojengewa matofali ya kuhimili moto, ambayo huwafaa wanaotengeneza mafuta ya sanisi, kwa kuwa wao huhitaji uwiano wa karibu 2. Anayetaka haidrojeni yenyewe, au amonia, ana sababu nzuri ya kubaki na mvuke, na huyo ndiye ninayemwandikia.

Hatua ya 2: Ijue gesi uliyonayo

Chukua sampuli na uipime kikamilifu: methani, ethani, propani, butani, vizito kuliko hivyo, kaboni dayoksaidi, naitrojeni, na zaidi ya yote salfa na klorini. Gesi ya Songo Songo huko Kilwa, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004, ni mfano wa malighafi rahisi, kwa kuwa karibu asilimia 97 yake ni methani. Gesi yenye propani na butani nyingi, au nafta inayotoka kiwanda cha kusafisha mafuta, inaweza kutumika pia, lakini inahitaji chombo cha kugeuza awali ambacho nitakitaja katika Hatua ya 4.

Kwa ajili ya hesabu, tuchukue kwamba mtambo wetu unapokea kilomoli 100 za methani kwa saa, ambazo ni kama kilo 1,600. Tutazifuata kilomoli hizi hadi mwisho.

Hatua ya 3: Ondoa salfa hadi isipimike kirahisi

Nikeli huathiriwa na salfa hata ikiwa kwa kiwango kidogo mno. Lengo la kawaida ni kushusha salfa chini ya sehemu 0.1 kwa milioni, na hakuna mahali pa kubana matumizi katika hatua hii.

Salfa iliyo katika umbo la haidrojeni salfaidi huondolewa moja kwa moja na chembechembe za zinki oksaidi, lakini ile iliyojificha ndani ya merkaptani, yaani misombo ya salfa yenye harufu kali ambayo mara nyingi huongezwa makusudi ili gesi inuke ikivuja, haikamatwi vizuri na zinki. Kwa hiyo gesi hupashwa moto hadi nyuzi 350 hadi 400, huongezwa haidrojeni kidogo iliyorudishwa kutoka mwisho wa mtambo, na kupitishwa juu ya kichocheo cha kobalti na molibdenamu kinachogeuza merkaptani kuwa haidrojeni salfaidi. Baada ya hapo huingia kwenye zinki:

ZnO + H2S → ZnS + H2O

Kwa nadharia kilo 100 za zinki oksaidi safi zinaweza kubeba kilo 39 za salfa, ingawa katika kitanda cha chembechembe ndani ya chombo huwezi kufikia kiwango hicho kabla salfa haijaanza kupenya. Tuseme gesi yetu ina sehemu 5 za salfa kwa milioni na mtambo unafanya kazi saa 8,000 kwa mwaka. Salfa itakayoingia ni kama kilo 128 tu, na tukikadiria kwamba zinki itabeba kilo 20 za salfa kwa kila kilo 100 zake, tunahitaji kilo 640 za zinki kwa mwaka. Kiasi hicho ni kidogo mno ukilinganisha na gharama ya kubadilisha kichocheo chote cha tanuru, ndiyo maana hujengwa vyombo viwili vilivyounganishwa kwa mfululizo. Cha mbele kinaposhiba hutolewa na kujazwa upya, wakati cha nyuma kinaendelea na kazi na kuwa cha mbele. Sampuli ichukuliwe katikati ya vyombo hivyo viwili, si mwishoni, kwa sababu ukisubiri uione salfa mwishoni utakuwa umechelewa.

Iwapo gesi ina klorini, weka tabaka la alumina (oksidi ya alumini) yenye sodiamu kabla ya zinki. Klorini huharibu zinki yenyewe, na baadaye huua vichocheo vya shaba vya Hatua ya 6.

Hatua ya 4: Andaa mvuke na uutunze uwiano wake

Hapa ndipo maisha ya mtambo yanapoamuliwa. Methani ikikaa kwenye nikeli ya moto bila mvuke wa kutosha huvunjika na kuacha kaboni, na kaboni monoksaidi nayo inaweza kujigawa na kuacha kaboni ileile:

CH4 → C + 2H2

2CO → C + CO2

Kaboni hiyo haikai juu ya kichocheo kama vumbi la kufutwa. Huota kama nyuzi nyembamba chini ya chembe za nikeli, huzing'oa kutoka kwenye alumina inayozibeba na hatimaye huvunja vidonge vya kichocheo vyenyewe kuwa unga. Unga huziba mrija, gesi hupungua ndani ya mrija huo, na kwa kuwa ni gesi inayopita ndiyo huupoza mrija kwa kumeza joto, mrija uliozibwa huwaka kupita kiasi na kupasuka. Mfululizo huo wote unaweza kuanza kwa pampu ya maji ya boila iliyosimama kwa dakika chache.

Kinga yake ni uwiano wa moli za mvuke kwa atomi za kaboni. Mitambo ya haidrojeni huutunza kati ya 2.5 na 3.5. Sisi tutatumia 3, yaani kilomoli 300 za mvuke, ambazo ni kilo 5,400 za maji kwa saa, zaidi ya mara tatu ya uzito wa methani. Zingatia kwamba uwiano unahesabiwa kwa kila atomi ya kaboni, si kwa kila molekuli ya gesi: propani moja ina kaboni tatu, hivyo gesi ikibadilika ghafla na kuwa nzito wakati mita inaonyesha mtiririko uleule wa ujazo, uwiano wa kweli umeshuka bila kengele yoyote kulia. Mtambo uliosanifiwa vizuri huwa na kizuio kinachofunga vali ya gesi chenyewe mara uwiano unaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa, na kizuio hicho kisifungwe wala kurukwa na mtu yeyote ili kuokoa uzalishaji wa zamu moja.

Maji yawe yameondolewa madini, na oksijeni iliyoyeyuka humo iondolewe pia. Silika ikibebwa na mvuke hutua kwenye vichocheo na vibadilisha joto vya mbele, mahali ambapo ni vigumu kuifikia.

Kwa gesi yenye propani na butani nyingi, au nafta, mchanganyiko hupitishwa kwanza kwenye chombo kisichochomwa moto kwa nje, chenye kichocheo chenye nikeli nyingi, kwa nyuzi 450 hadi 550. Humo molekuli nzito hukatwa na kuwa methani, haidrojeni na oksidi za kaboni kabla ya kufika kwenye moto mkali ambako zingegeuka masizi. Kwa gesi kama ya Songo Songo chombo hiki si cha lazima, ingawa wengi hukijenga ili kupunguza mzigo wa tanuru.

Hatua ya 5: Gesi na mvuke ndani ya tanuru

Tanuru la kugeuza gesi ni chumba cha matofali chenye safu za mirija iliyosimama wima, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 10 hadi 13 na kipenyo cha ndani cha karibu sentimita 10. Mirija hutengenezwa kwa aloi yenye takriban asilimia 25 ya kromiamu na 35 ya nikeli, ikiwa imeongezwa niobiamu, kwa sababu chuma cha kawaida hakiwezi kuvumilia nyuzi 900 na shinikizo la bar 25 kwa wakati mmoja. Husanifiwa idumu saa 100,000, yaani miaka kumi na moja na kidogo. Kanuni inayotumiwa sana na wahandisi ni kwamba ongezeko la kudumu la nyuzi 20 tu juu ya kiwango cha usanifu hupunguza umri wa mrija kwa nusu.

Kichocheo huletwa kikiwa nikeli oksaidi juu ya alumina au aluminati ya kalsiamu, katika umbo la pete au silinda fupi zenye matundu kadhaa. Ujazaji wake unahitaji subira kuliko nguvu. Vidonge vikidondoshwa kutoka juu ya mrija wa mita 12 vitavunjika, hivyo hushushwa ndani ya mfuko mrefu wa kitambaa unaofunguka ukifika chini, au hutumika njia ya kuvipunguza kasi kwa brashi za nyaya zinazopandishwa kadiri mrija unavyojaa. Kila mrija upimwe upungufu wa shinikizo kwa kupitisha hewa, na wowote unaotofautiana na wastani kwa zaidi ya asilimia 5 uondolewe kichocheo na kujazwa upya. Msimamizi anayeharakisha kazi hii kwa sababu meneja anauliza siku ya kuwasha atailipa kwa miaka mitano ijayo.

Mchanganyiko huingia kwa nyuzi 500 hadi 650 na kutoka kwa nyuzi 800 hadi 900. Ndani yake, sambamba na mmenyuko mkuu, sehemu ya kaboni monoksaidi hukutana na mvuke uliobaki na kutoa haidrojeni zaidi:

CO + H2O ⇌ CO2 + H2

Mmenyuko huu hutoa kilojuli 41 kwa moli. Tukichukua nyuzi 850 na bar 25 kwenye tundu la kutokea, na kukadiria kwamba gesi imefikia msawazo, yaani mimenyuko haisogei tena upande wowote, hesabu ya kilomoli zetu 100 hutoa matokeo haya: methani 20, kaboni monoksaidi 49, kaboni dayoksaidi 31, haidrojeni 271 na mvuke 189. Ukiondoa mvuke, gesi hiyo ni asilimia 73 haidrojeni. Matokeo halisi ya mitambo hayako mbali na hapo.

Msomaji makini atauliza kwa nini tunatumia shinikizo la bar 25 wakati mmenyuko huongeza idadi ya moli, na hivyo shinikizo huurudisha nyuma na kutuachia methani 20 ambazo hazikugeuka. Jibu liko kwenye mashine za kukandamiza. Kilomoli 100 za gesi asilia hutoa kilomoli 371 za gesi kavu, na ni nafuu mno kukandamiza gesi chache kabla ya tanuru, au kuzipokea zikiwa tayari na shinikizo la bomba, kuliko kukandamiza nyingi baadaye. Mvuke nao hutoka boila ukiwa na shinikizo lake. Anayetengeneza amonia huzishughulikia methani zilizobaki katika chombo cha pili kinachopulizwa hewa, ambamo joto hupanda hadi karibu nyuzi 1,000 na naitrojeni inayohitajika kwa amonia huingia hapohapo.

Kuhusu moto wenyewe, mimenyuko ya mfano wetu humeza takriban gigajuli 15 kwa saa, na kupasha mchanganyiko moto ndani ya mirija kunahitaji kama gigajuli 5 au 6 zaidi. Kwa kuwa karibu nusu tu ya joto la vichomeo huingia kwenye mirija, inabidi kuchoma fueli yenye gigajuli 40 hivi. Nusu nyingine haipotei: moshi hutoka chumba cha moto ukiwa na karibu nyuzi 1,000, kisha hupitishwa kwenye mabomba yanayopasha malighafi, kutengeneza mvuke na kupasha hewa ya vichomeo, hadi mtambo mzima uwe umetumia zaidi ya asilimia 90 ya joto hilo.

Hatua ya 6: Poza haraka, kisha ongeza haidrojeni

Gesi inayotoka ikiwa na nyuzi 850 hupozwa mara moja ndani ya boila ya kurejesha joto hadi nyuzi 350 hivi. Haraka hiyo ina sababu nyingine zaidi ya kupata mvuke. Kati ya nyuzi 450 na 800, gesi yenye kaboni monoksaidi nyingi hula chuma na kukigeuza unga mweusi, hivyo sehemu zote zinazoguswa na gesi ya joto hilo hukingwa kwa matofali au kuwekwa aloi maalumu.

Kisha gesi huingia kwenye chombo chenye kichocheo cha chuma na kromiamu kwa nyuzi 350 au 360. Mmenyuko wa kaboni monoksaidi na mvuke hutoa joto, na gesi hutoka ikiwa na nyuzi 430 hivi. Kwa mfano wetu kilomoli 35 zaidi za kaboni monoksaidi hugeuka: haidrojeni inafika 306, kaboni dayoksaidi 66, na kaboni monoksaidi inabaki 14, ambayo ni kama asilimia 3.4 ya gesi kavu. Mvuke usipunguzwe sana hapa pia, kwa sababu kichocheo cha chuma kikikosa mvuke hugeuka kabidi na kuanza kutengeneza mafuta ambayo hakuna aliyeyaagiza.

Wanaohitaji kushusha kaboni monoksaidi hadi asilimia 0.2 au 0.4, hasa viwanda vya amonia, huongeza chombo cha pili chenye kichocheo cha shaba na zinki kwa nyuzi 190 hadi 230. Kichocheo hicho hufa kwa salfa au klorini kidogo tu, na huharibika mvuke ukigeuka maji juu yake.

Hatua ya 7: Safisha

Gesi hupozwa hadi joto la kawaida na maji hutengwa. Katika mfano wetu kilomoli 154 za mvuke, zaidi kidogo ya nusu ya tulioanza nao, hurudi kama maji. Yana kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka na chembe za methanoli na amonia, hivyo husafishwa kabla ya kurudishwa boila.

Usafishaji wa mwisho hufanywa kwa vitanda vya kaboni hai na zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo mno), ambavyo kwa shinikizo kubwa hukamata kila kitu isipokuwa haidrojeni, na vikishushwa karibu na shinikizo la hewa ya kawaida huachilia vilichokamata. Vitanda hupokezana, vinne au zaidi, ili mtiririko usikatike. Haidrojeni hutoka ikiwa safi kwa asilimia 99.9 hadi 99.999, lakini si yote. Tukipata asilimia 88, tunakuwa na kilomoli 269, yaani kama kilo 540 kwa saa. Kilichobaki, pamoja na methani 20 na kaboni monoksaidi 14, ni gesi ya mkia yenye gigajuli 29, nayo hurudishwa kwenye vichomeo na kubeba takriban asilimia 70 ya mzigo wa tanuru. Ndiyo maana mtu anayelalamikia methani ambazo hazikugeuka anapaswa kwanza kuangalia bomba la fueli.

Viwanda vya amonia mara nyingi huosha kaboni dayoksaidi kwa amini, kemikali inayoifyonza, na kuitumia kutengeneza urea, kisha hugeuza masalia ya oksidi za kaboni kuwa methani juu ya nikeli, mmenyuko uleule wa Sabatier. Hapo tahadhari ni moja: kila asilimia 1 ya kaboni monoksaidi hupandisha joto kwa nyuzi 74 hivi, na kila asilimia 1 ya kaboni dayoksaidi kwa nyuzi 60. Mnara wa amini ukishindwa kazi kwa ghafla, chombo kinachofuata kinaweza kuyeyuka, hivyo vali ya kukitenga iwe ya kujifunga yenyewe.

Mwenye kujali tabianchi atataka hesabu ya kaboni. Kwa kemia tupu, kilo 1 ya haidrojeni huja na kilo 5.5 za kaboni dayoksaidi. Ukiongeza fueli ya tanuru, mfano wetu unafika kilo 9.3, na mitambo mingi iko kati ya 9 na 10. Zaidi kidogo ya nusu ya kaboni hiyo ipo kwenye gesi yenye shinikizo kabla ya vitanda, mahali ambapo ni rahisi kuitenga. Iliyobaki imetawanyika kwenye moshi wa tanuru, na kuikamata huko ni ghali zaidi.

Hatua ya 8: Kuwasha mtambo

Mpangilio ni huu: naitrojeni, mvuke, kisha gesi. Zungusha naitrojeni huku ukiwasha vichomeo vichache vilivyotawanyika sawasawa, na upandishe joto polepole, mara nyingi karibu nyuzi 50 kwa saa, ili matofali na mirija vitanuke pamoja. Mvuke usiingizwe kabla sehemu zote, hata kona za mabomba zilizo mbali na moto, hazijavuka kwa usalama joto ambalo mvuke hugeuka maji. Maji yakianguka juu ya kichocheo cha moto hukivunja, na yakibebwa kwa kasi kwenye bomba huligonga kwa kishindo.

Joto la kutokea likifika nyuzi 700 na zaidi, ingiza gesi kidogo kwa uwiano wa mvuke wa 5 hadi 7, pamoja na haidrojeni kama ipo. Nikeli oksaidi itapunguzwa, yaani kunyang'anywa oksijeni, na kuwa nikeli, kuanzia chini ya mirija ambako joto ni kubwa na kupanda juu taratibu. Methani inayotoka ikishuka na kutulia, kichocheo kimeamka. Hapo ongeza mtiririko kwa hatua, kila mara mvuke ukitangulia na gesi ikifuata, na ushushe uwiano hadi kiwango cha kazi.

Hatua ya 9: Kinachoangaliwa kila zamu

Skrini za chumba cha udhibiti hazitoshi. Kila zamu, mtu avae ngao ya uso na glavu, asimame pembeni ya tundu la kuchungulia, alifungue polepole kuhakikisha chumba cha moto kinavuta hewa ndani badala ya kusukuma moto nje, kisha atazame mirija mmoja mmoja. Mrija wenye afya una rangi moja iliyotulia, inayong'aa zaidi kadiri unavyoelekea upande wa kutokea gesi. Ukiona mabaka yanayong'aa yaliyopakana na ya giza, kama ngozi ya twiga, kichocheo kimevunjika au kimeacha mapengo. Mkanda mwekundu kwenye theluthi ya juu huashiria salfa au kaboni. Mrija wote unaong'aa kuliko majirani zake umeziba. Apime kwa kipimajoto cha mionzi na kuandika namba ya mrija, kwa sababu kumbukumbu ya rangi haihamishiki kutoka zamu moja kwenda nyingine.

Mengine ni methani kwenye tundu la kutokea, upungufu wa shinikizo la mirija, na salfa kati ya vyombo vya zinki. Methani ikipanda wakati joto na uwiano havijabadilika, tafuta salfa kwanza. Uwezo wa nikeli kurudi katika hali yake salfa ikikatika ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani, ilimradi kaboni haijawahi kuota.

Hatua ya 10: Kuzima

Gesi ndiyo hutoka kwanza. Punguza mzigo, kata gesi, na uache mvuke uendelee kupita ili usafishe hidrokaboni zote na kuanza kupoza tanuru. Mvuke ukikaa peke yake kwa muda mrefu utageuza nikeli kuwa oksaidi tena, jambo lisilo na madhara ila litakulazimu kuipunguza upya utakapowasha. Mvuke ukatwe kabla haujaweza kugeuka maji, na naitrojeni ichukue nafasi yake hadi mtambo upoe.

Gesi yenye kaboni monoksaidi isibaki juu ya nikeli iliyopunguzwa chini ya nyuzi 200. Katika joto hilo huungana na nikeli kutengeneza nikeli kabonili, mvuke wenye sumu kali kuliko kaboni monoksaidi yenyewe, unaoweza kumwua fundi anayefungua kifuniko. Pima kabla ya kufungua chombo chochote. Kichocheo kinachotolewa kikiwa bado hakijaoksidishwa hushika moto kikikutana na hewa, kwa hiyo kioksidishwe kwanza kwa mvuke, kisha kwa hewa kidogo ndani ya mvuke huku joto likifuatiliwa, na kikishatolewa kiwekwe kwenye mapipa ya chuma yenye mifuniko mbali na vitu vinavyoungua. Kichocheo cha shaba na kile cha chuma hufuata utaratibu wao wa peke yake, na vumbi la kile chenye kromiamu lisivutwe kwa pua kwa namna yoyote, kwa kuwa sehemu yake inaweza kuwa kromiamu ya aina inayosababisha saratani.